Ami wa Kuazima

Sabri Mahrus hakuwa na mama, Mungu amrehemu. Hakuwa na kaka wa kumsindikiza wala dada wa kumpigia vigelegele. Hakuwa na nyumba. Alipanga chumba cha uani. Hakuwa na koti ila moja, nalo jioni ile alikuwa amemvalisha mtu mwingine. Na zaidi ya yote hayo, katika Melbourne nzima hakuwa na ami, hakuwa na mjomba, hakuwa na mzee hata mmoja wa kuketi mbele ya baba wa msichana na kutamka, "Tumekuja kuposa." Kwa Wamisri, kijana anayekwenda kuposa peke yake ni sawa na mtu anayekwenda msibani akipiga mluzi.

Ndiyo maana alisimama mlangoni kwa Haji Mutawalli, mtaa wa Coburg, mkono mmoja umeshika sanduku la keki za basbusa, mwingine umemshika ami wa kuazima.

"Rudia tena," alinong'ona.

"Mimi ni Fawzi, mdogo wake marehemu baba yako. Natoka Dumyat. Nilikuwa seremala, sasa nimestaafu." Mzee akakohoa. "Na wewe ni mwanangu, damu yangu, mpumbavu wangu."

"Hilo la mwisho liache."

"Ndilo pekee lenye ukweli."

Ami Fawzi alikuwa mwenye nyumba wake. Alikuwa dereva wa teksi mstaafu, mgane, mzaliwa wa Minya, Mkristo wa Kikopti tangu mababu. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia, upande wa ndani, palikuwa na msalaba mdogo wa kijani uliochorwa kwa sindano angali mtoto. Alikubali mchezo ule kwa shingo upande, baada ya Sabri kumlilia wiki nzima. Na kwaresima ilikuwa haijaisha. Tangu ianze mzee hakuwa amegusa nyama, maziwa wala siagi.

"Wakileta chakula?" aliuliza.

"Sema tumbo linakusumbua."

"Sabri, hawa ni watu wa Sharqiya. Wale wale waliowahi kualika treni nzima ije kula. Unadhani watalisikiliza tumbo langu?"

Mlango ukafunguliwa kabla Sabri hajajibu.

"Karibuni! Nyumba imepata nuru!" alisema Haji Mutawalli, mwenye duka la maharage na bajia za taamiya, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuuzia sokoni.

"Nuru ni ya wenyewe, Haji," alijibu Ami Fawzi, akavuta mkono wa koti ushuke. Koti la Sabri lilikuwa fupi kwake.

Nahed, binti wa Haji, alipita na glasi za maji. Alikuwa mwalimu wa chekechea, msichana wa macho makubwa na maneno machache. Walijuana na Sabri alipokuja kutengeneza rafu za duka la baba yake. Kazi ya siku chache ikachukua mwezi, kwa sababu kila rafu ilipokamilika Nahed aliiona imepinda.

"Ami yako ana uso mwema," alimnong'oneza akimpa maji.

Sabri alikunywa yote kwa mkupuo mmoja.

Chakula kikaja. Bata wawili wa kuchoma, njiwa waliojazwa ngano, bakuli la mlenda wa mulukhiya linalotoa mvuke wa kitunguu saumu. Ami Fawzi akachukua mkate na kachumbari.

"Bwana Fawzi," alisema Haji, "mbona unakula kama mgonjwa?"

"Tumbo, Haji. Tumbo linanisumbua."

"Dawa ya tumbo ni bata."

"Daktari kanikataza."

"Daktari gani, Mzungu? Mzungu anajua nini kuhusu bata wa mke wangu Insaf?"

"Basi nimeshiba, Haji, kweli kabisa."

Haji Mutawalli akaweka kijiko chini. Akanyofoa paja zima la bata, akaliweka kwenye sahani ya mgeni.

"Mke wangu talaka tatu kama hutalimaliza paja hili!"

Hajja Insaf, mkewe, akashika kiuno.

"Haya! Nimemzalia, nimempikia, nimevuka naye bahari. Leo ndoa yangu imening'inia kwenye paja la bata!"

"Nimeshaapa, Insaf. Ulimi umeshatoka."

"Ulimi wako ungekuwa mbuzi tungeshaufunga kamba." Akamgeukia mgeni. "Kaka Fawzi, nakuomba. Uzee huu nikiachika nitakwenda wapi?"

Ami Fawzi akalitazama paja. Akamtazama Hajja Insaf. Midomo yake ikacheza kidogo, kama mtu anayezungumza na mwenzake asiyeonekana, kisha akalichukua paja kwa mikono miwili akala. Alikula mpaka mfupa ukawa mweupe, na macho yake yakalengwa na machozi.

"Mmeona?" alishangilia Haji. "Mtu analia kwa utamu!"

Sabri aliinamisha kichwa. Alitamani sakafu impokee.

Waliponawa, Ami Fawzi akajiweka sawa kwenye kiti. Hotuba waliyoifanyia mazoezi ilikuwa ndefu, yenye babu na mababu wa Dumyat. Hakusema hata neno lake moja.

"Haji," alisema, "mimi Mungu hakunipa mtoto. Huyu hapa namwona kila jioni akirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Kabla hajala, anabisha mlango wangu kuuliza kama nimekula. Nilipolazwa hospitali, ndiye aliyeninyoa ndevu. Sina zaidi ya hayo. Tunampenda binti yenu, tunamposa."

Hajja Insaf akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. Haji akapiga goti lake kwa kiganja.

"Hayo yananitosha. Nahed! Lete sharubati! Jamani, tusome Fatiha."

Wakainua mikono, viganja vikitazama juu. Kwa Haji Mutawalli, harusi yenyewe ilikuwa sherehe tu. Neno la mtu lilikuwa hapa, kwenye Fatiha hii. Alifumba macho, akaanza kusoma polepole. Aliyafumbua karibu na mwisho, na mbele yake, pale mkono mfupi wa koti ulipovutwa nyuma, palikuwa na msalaba wa kijani.

Hakukatiza. Alisoma mpaka amina. Kigelegele cha Hajja Insaf kilitoka nusu, kikakatika alipouona uso wa mumewe.

"Bwana Fawzi," alisema Haji, taratibu. "Hicho kilichoko mkononi mwako nakifahamu. Nimekua nyumba moja na akina Hanna, kule Zagazig, Sharqiya, na mama yao alinilisha kuliko mama yangu. Hakiniumi. Niambie tu, Mkopti amepataje kuwa na mtoto wa kaka Mwislamu?"

"Kosa ni langu, Haji."

"Ni langu," alisema Sabri. "Yeye ni mwenye nyumba wangu. Nilimwomba."

"Ulikosa mtu, ungeniambia, 'Haji, sina mtu!' Ningemwazima ndugu yangu akuposee! Wewe umeniletea uongo nyumbani kwangu, nami nimeusomea Fatiha." Haji akasogea mbele. "Na baba yako? Amekufa kweli?"

Sabri akageuka kumtazama Nahed.

Nahed alikuwa amesimama na sinia la sharubati nyekundu.

"Mjibu," alisema. "Uliniambia amekufa. Nimekuwa nikimwombea rehema, Sabri. Kila Ijumaa."

"Yu hai."

Sinia likatua mezani, glasi zikagongana.

"Umemuua baba yako ili unioe mimi?"

"Nahed, sikiliza..."

"Toka," alisema Haji. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. "Bwana Fawzi, wewe ni mgeni wangu, nenda salama. Huyu simjui."

Walipofika nyumbani, Ami Fawzi alivua koti, akalikunja vizuri, akamrudishia.

"Mwanangu, mimi nimevunja mfungo wangu kwa ajili yako, na sijutii. Lakini hukuniambia kwamba baba yako yu hai. Hilo najutia."

Sabri alituma ujumbe asubuhi: "Nahed, nipe nafasi nikueleze."

Mchana akatuma mwingine: "Najua nimekosa. Sema lolote, hata tusi."

Jibu likaja jioni ya siku ya pili: "Jumamosi nitaleta kisanduku ulichonichongea. Nitamwachia Ami Fawzi. Usiwepo."

Jumamosi mchana Nahed alibisha hodi, kisanduku kwapani. Ami Fawzi alikuwa mezani na bakuli la dengu, mkate na kitunguu.

"Karibu, binti yangu. Chakula cha mfungo, sina cha maana cha kukupa."

"Mfungo?" Nahed aliweka kisanduku mezani, akalitazama bakuli. "Ami, mfungo wa kwaresima si ulianza zamani?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na siku ile, kwetu?"

"Siku ile nilikuwa na tumbo baya," alisema mzee, akachovya mkate.

"Ami Fawzi. Na bata?"

"Bata nilimla. Baba yako alikuwa ameshaapa. Ningemwacha mama yako aachike?" Akacheka kidogo. "Nilimwambia Mola, hesabu hii tutaonana baadaye, kwanza tuokoe ndoa ya watu."

Nahed alianza kucheka, akajikuta ameketi chini analia.

"Na mlipoinua mikono? Ulisema nini?"

"Nilisema Baba Yetu uliye mbinguni. Kila mtu alisoma yake, nia ilikuwa moja." Akasogeza bakuli. "Yuko nyuma ya pazia. Ulisema asiwepo, na amejitahidi, lakini hii nyumba ni ndogo."

Pazia likasogea. Sabri alisimama pale kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

"Zungumza," alisema Nahed bila kumtazama. "Na usinipambie."

"Baba na ami yangu, ami wa kweli, walisoma Fatiha mimi nimuoe binamu yangu. Nilikuwepo. Sikumtaka, lakini niliinua mikono kama wengine, nikaitikia amina. Siku ya kumvisha pete, watu wamekaa, taa zimewashwa, mimi nilikuwa uwanja wa ndege."

"Binamu yako je?"

"Ameolewa na mwingine, ana watoto. Yeye alinisamehe zamani. Baba hajanisamehe. Anasema aliyeivunja Fatiha yake si mwanawe. Ndugu yake hajaingia nyumbani kwake tangu siku ile."

"Ukaona heri umzike."

"Niliogopa, Nahed. Baba yako angeuliza kwa nini baba haji. Ningesema nini? Kwamba niliwahi kukimbia Fatiha?"

"Ndiyo. Ungesema hivyo hivyo." Akafuta uso. "Huko Dumyat saa hizi ni asubuhi. Mpigie. Weka sauti nje."

"Atakata."

"Mpigie."

Simu iliita sana. Kisha ikasikika sauti nzito, na nyuma yake msumeno ukila mbao.

"Karakana ya Mahrus. Nani?"

"Baba, ni mimi. Sabri. Nataka kukueleza..."

Msumeno ukanyamaza. Walimsikia mzee akipumua.

"Umekosea namba," alisema. "Mimi sina Sabri."

Simu ikakatwa.

Nahed alisimama. Alifika mlangoni, akarudi, akakichukua kile kisanduku mezani, akakitia tena kwapani. Akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alimkuta baba yake akimenya vitunguu saumu.

"Baba, yule mzee alikuwa amefunga."

"Mzee gani?"

"Ami Fawzi. Kwaresima. Ulimlisha bata kwa kiapo cha talaka, naye akamla ili mama asiachike."

Kisu cha Haji kikasimama hewani. Hajja Insaf, aliyekuwa jikoni, akatokeza kichwa.

"Mungu wangu! Kumbe yale machozi!"

"Nimemvunjia mtu mfungo wake," alisema Haji. "Mgeni wangu, mezani pangu. Nami nikamwambia alilia kwa utamu."

"Nimekwambia maisha yangu yote, ulimi wako huo!" alisema Hajja Insaf. "Umetuaibisha mpaka kwa Mungu wa wenzetu."

"Mungu ni mmoja, Insaf."

"Basi umetuaibisha kwake huyo huyo!"

Jumapili, baada ya Wakopti kutoka kanisani, Haji Mutawalli alibisha hodi kwa Ami Fawzi. Nyuma yake alisimama Nahed na sufuria kubwa iliyofunikwa kitambaa.

"Koshari," alisema Haji, kabla hata ya salamu. "Wali, dengu, tambi. Imepikwa kwa mafuta ya alizeti, nimesimamia mwenyewe. Hakuna samli, hakuna kitu kilichowahi kutembea. Bwana Fawzi, nimekuja kukuomba radhi."

"Haji, ingia. Hata padri wangu nilipomwambia alicheka."

"Alicheka?"

"Kisha akaniongezea sala. Ingia, chakula kinapoa."

Walikula. Hakuna aliyeapa. Sabri alikaa mwisho wa meza na kijiko chake kikavu, mpaka Haji alipomwelekezea kidole.

"Wewe. Nahed amenieleza yote. Fatiha ya kwanza uliikimbia, ya pili ukaitia uongo. Umeshawahi kumwambia baba yako samahani?"

"Nimempigia mara nyingi kumweleza..."

"Sikuuliza kueleza. Kueleza ni kujitetea. Nimeuliza samahani."

Sabri akakiweka kijiko mezani.

"Hapana," alisema mwishowe. "Sijawahi."

Haji akamgeukia binti yake.

"Nahed, hapa mbele ya Bwana Fawzi. Unamtaka?"

"Namtaka, Baba. Lakini simtaki yatima wa kujitengenezea."

"Ni haki yako." Haji akasukuma sahani. "Nami sitasoma Fatiha ya tatu bila baba yake. Simu anaikata. Basi tumwandikie. Barua haikatwi. Mtu anaitupa kando, analala, anaamka, anaiokota tena. Bwana Fawzi, una karatasi?"

"Ninayo. Lakini nani aandike? Ya Sabri ataichoma akiona jina."

"Barua yenyewe nitaandika mimi," alisema Haji.

Nahed alimkazia macho baba yake. Haji Mutawalli hakuwahi kuomba kitu kwa mtu. Wateja wa duka lake walijua hata bei hakuwa anaomba, alikuwa anaitangaza.

"Wewe, Baba? Baba wa msichana anaandika posa?"

"Kwani wazee wetu hawakusema, mposee binti yako kabla hujamposea mwanao? Siku zote niliona ni maneno ya kupamba. Lete kalamu."

Aliandika taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, kisha akawasomea:

"Kwa Fundi Mahrus, mtu wa heshima. Amani iwe juu yako. Hunijui. Mimi ni Mutawalli, mtu wa Zagazig, nakaa Melbourne na nina binti mmoja. Kwa desturi ningekaa nyumbani kwangu ningoje uje. Leo mimi ndiye ninayebisha mlango wako. Namposa mwanao Sabri kwa binti yangu Nahed. Kijana ana uongo kidogo, lakini kazi ya mikono yake imenyooka, nami nadhani kazi hiyo aliipata kwako. Najua alikuvunjia neno. Neno likivunjika hapa nami ningeumia kama wewe. Ndiyo maana sitaki litamkwe tena bila wewe. Nangoja jibu, hata likichelewa."

"Baba!" alisema Nahed. "'Uongo kidogo'?"

"Anamjua mwanawe. Nikimsifu tu hataniamini na mengine." Akamsukumia Sabri karatasi. "Pameachwa nafasi chini. Usieleze."

Sabri aliishika kalamu muda mrefu. Ami Fawzi aliosha vyombo ili asimtazame. Nahed hakuondoka; alisimama nyuma ya kiti chake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

Aliandika: "Baba, niliinua mikono na moyo haukuwepo. Nilikuacha peke yako mbele ya watu. Nisamehe. Ni mimi, Sabri wako."

Akaisogeza kwa Nahed. Aliisoma, akaweka kidole kwenye neno la mwisho, 'wako'.

"Hilo," alisema, "ndilo nililokuwa nalisubiri."

"Unadhani atajibu?"

"Sijui. Jana alipokusikia hakukata haraka. Nilimsikia. Alikuwa anasikiliza kama na wewe unapumua."

Ami Fawzi alifuta mikono, akaandika anwani kwa Kiarabu na chini yake kwa herufi za Kizungu: Karakana ya Fundi Mahrus, nyuma ya soko la samani, Dumyat, Misri. Haji akaikunja karatasi mara tatu, akaitia ndani ya bahasha, akalamba ukingo wa gundi, akaubana kwa ngumi yake ya kukandia taamiya.

Kesho yake asubuhi walikutana wote wanne mbele ya posta, kabla hata haijafunguliwa, wakaibandika stempu zikazidi mahitaji. Haji alimpa Sabri bahasha.

"Itie wewe."

"Tuitie pamoja," alisema Nahed.

Ikawa mikono miwili iliyoishika, juu ya mdomo wa sanduku jekundu. Haji akasema bismillahi. Ami Fawzi akasema la kwake kimoyomoyo. Wakaiachia, wakaisikia ikigusa chini.